Bodi ya Mama Mkwe na Kifo Kibaya

Redio inaimba mezani kwa sauti ya juu, mita yangu ya kupimia inasema redio hiyo haina umeme hata chembe.

Wakuu, hapo ndipo nilipoishiwa pozi.

Ngoja nianzie mwanzo. Mimi ni fundi wa vifaa vya umeme. Asubuhi hiyo mama mkwe alinijia kibandani na bodi ya umeme ya mashine yake ya kutotolea vifaranga, ameiviringisha kwenye taulo kama mtoto mgonjwa.

"Mkwe, mashine imeacha kupasha. Mayai yamekaribia kuanguliwa. Yakipoa, ndiyo basi tena."

"Ondoa shaka, mama. Umefika penyewe."

Mama huyu hajawahi kuuheshimu ufundi wangu. Siku ya posa aliuliza mbele ya watu, "Nasikia anafungua redio. Na huwa anazifunga?"

Safari hii nilitaka kumjibu kwa vitendo.

Nikachomeka bodi, nikapima. Sifuri. Nikabadili fyuzi. Sifuri. Nikang'oa transfoma, nikaweka nyingine. Sifuri! Nikazidi kung'oa, mezani pakawa kama buchani.

"Mama, pole. Bodi imekufa. Tena kifo kibaya."

Akainuka, akaondoka bila kuaga. Iliniuma, nisidanganye.

Kwa hasira nikagusisha mita kwenye redio yangu iliyokuwa ikiimba.

Sifuri.

Kumbe waya mmoja wa mita ulikuwa umekatika kwa ndani!

Nikaubadili, nikarudisha kila nilichong'oa, nikapima upya. Bodi nzima kabisa. Haikuwahi kuumwa.

Nikaikimbiza kwake, nikafungua mashine. Ile mashine hupasha kwa balbu. Balbu imeungua. Nikarudisha bodi, nikaweka balbu nyingine, ikawaka.

Trei ya mayai tupu.

Nikamkuta uani, amekaa kando ya kuku wa jirani aliyekuwa akiatamia. Mayai yote ya mashine yako chini ya yule kuku.

"Mama, mashine imepona!"

"Ilikuwa na nini?"

"Balbu."

"Balbu." Akanitazama. "Na ile iliyokufa kifo kibaya?"



Vifaranga walitoka, karibu wote. Mashine sasa anahifadhia viatu. Kila mgeni akifika anapelekwa uani kuonyeshwa yule kuku: "Huyu ndiye fundi wangu."

Ndugu zangu, kabla hujamtangazia mtu msiba, ipime kwanza mita yako. Mimi redio iliniimbia sikioni asubuhi nzima, na bado niliamini sifuri.