Nakuja Aomba Viza Tatu

Pale saluni walimwita Nakuja, na jina halikumwonea. Alikuwa msusi mwenye mikono myepesi na tamaa nzito. Mteja akiingia, hata kama viti vyote vimejaa, Nakuja humkalisha popote penye nafasi, humsuka mistari mitatu ya mbele, kisha humwambia "nakuja" na kumhamia mwingine. Atakimbilia wapi mtu mwenye mistari mitatu kichwani? Kwa hiyo wateja walikaa, wakanuna, wakasengenya waume zao. Watoto waliokuja nao waliishia kulishwa, kuoshwa na kulazwa na Nakuja mwenyewe juu ya rundo la taulo, maana mtoto akizidi kulia mteja huondoka hata kichwa kikiwa nusu.

Nakuja alitaka kwenda ng'ambo kuliko alivyotaka kula. Mama yake alishaitangaza safari kwa majirani, kwa muuza mkaa, hata kwa daktari wa meno aliyekuwa amemshika taya. Njia zilikuwepo. Viza ya masomo ilitaka barua ya chuo. Viza ya kazi ilitaka mwajiri na cheti cha ufundi. Iliyomfaa hasa ni ile ya yaya: unakaa na familia ya huko, unalea watoto wao, unajifunza lugha yao, mwaka ukiisha unarudi. Familia alishaipata mtandaoni, yenye mapacha. Ila viza hiyo hapewi mtu aliyetimiza miaka ishirini na saba, na Nakuja alikuwa anaitimiza mwezi ujao. Ikimponyoka hiyo, basi tena.

Mtu mwingine angeshika moja akakazana nayo. Nakuja alifanya kama alivyozoea kazini: akaomba zote tatu, kila moja akaianza kidogo, ili ubalozi usipate pa kukimbilia.

Afisa wa viza alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani na sauti ya chini. Alipanga mafaili matatu mezani, akauliza kwa upole kama aliyekaa mbele yake ni mwanafunzi, fundi au yaya. Nakuja aliona uongo hautamfikisha mbali. Akaeleza habari ya mistari mitatu, na akaieleza kwa fahari kidogo, hapo ndipo alipoharibu zaidi. Afisa alivua miwani. Kumbe siku ya harusi ya binti yake msusi mmoja alimfanyia mchezo huohuo, mpaka bwana harusi akafika ukumbini kabla ya mama mkwe.

"Kumbe ndio nyinyi," alisema. "Kakae pale kwenye benchi. Nakuja."

Nakuja akakaa. Waliofika nyuma yake wakaitwa, wakahojiwa, wakaenda zao. Tumbo likanguruma hadi mlinzi akageuka. Kwanza Nakuja alikasirika, halafu akaingiwa na hofu ya kweli kwamba ameichezea bahati yake mwenyewe. Mwisho akaanza kuwaonea huruma wateja wake, ugonjwa ambao haukuwahi kumpata.

Ofisi ilipokaribia kufungwa, afisa akamwita.

"Na watoto wa watu je? Utawaanza halafu uwaache?"

"Mama, kichwa kinasubiri," Nakuja alisema. "Mtoto hasubiri. Akilia, unaacha kila kitu."

Akamsimulia watoto wa pale saluni: yupi halali mpaka apigwepigwe mgongoni, yupi anachukia soksi, yupi alimeza kishikizo na nani alikesha naye hospitali mama mtu akiwa amezimia kwa woga. Hakuwa na haja ya kutunga. Afisa alimsikiliza mpaka mwisho, akasukuma mafaili mawili pembeni, akagonga muhuri kwenye la tatu.

Nakuja alirudi nyumbani nusu akikimbia. Mama yake alikuwa uani akianua nguo. Alipouona uso wa bintiye hakupiga vigelegele. Alikaa juu ya beseni lililopinduliwa, nguo zikiwa mapajani.

"Wamekubali?"

"Wamekubali, mama."

Mama akakunja shati lilelile mara mbili, akalikunjua.

"Mimi nilifurahi ulivyokuwa unaomba, mwanangu," alisema. "Sikujua kama watakubali."

Nakuja akakaa chini kando yake. Tangu habari za viza zianze, ilikuwa mara ya kwanza hataki kwenda popote.