Jicho la Mama na Macho ya Majirani

Nilikuwa nikifanya utafiti hospitalini kuhusu namna wagonjwa wanavyotumia dawa za kupambana na virusi vinavyoshambulia konea, kile kioo cha mbele ya jicho. Kazi yangu ilikuwa kuuliza: unapaka kama ulivyoelekezwa? Wanajibu ndiyo, ndiyo, nami naandika. Kumbe jibu la kweli lilikuwa kwetu, mtaa wa Ruashi.

Mama ni fundi wa kushona. Virusi hivyo vilimtia kidonda jicho la kulia, na la kushoto lilikuwa limeshakufa tangu utotoni. Nilizunguka maduka ya dawa mjini hadi miguu ikawaka. Kila muuzaji alitaka kuniuzia matone ya kuondoa wekundu, yale yale yanayovipa virusi nafasi ya kulimaliza jicho. Mwishowe nikapata tyubu moja ya marhamu. Nikamsisitizia Mama: ni yako peke yako, upake mpaka daktari aseme basi.

Wiki hiyo Apollo ikaingia mtaani, ule ugonjwa wa macho mekundu unaopita nyumba kwa nyumba kisha unapona wenyewe. Niliporudi kumwona Mama, tyubu ilikuwa imekamuliwa na kukunjwa mpaka shingoni.

"Mama, dawa iko wapi?"

"Nilibapatia bajirani. Muntu iko analia macho, utamunyima dawa?"

"Lakini Apollo inaponaka yenyewe! Hii ilikuwa ya jicho yako!"

"Si balipona?"

Walipona, ndiyo. Wangepona hata kwa kupakwa mate! Mganga hajigangi, sawa, lakini mimi hata mama yangu nilishindwa kumganga. Tyubu nyingine ilichelewa kupatikana, na kidonda kilikuwa kimefika katikati ya konea. Kilipona, kikaacha kovu jeupe pale pale mwanga unapoingilia.

Jumapili moja baada ya misa, jirani alikuja na kuku, akamtua chini, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Dokta, dawa yako iko nguvu sana. Nyumba yetu yote ilipona. Apollo ikirudia, utatuletea ingine, eh?"

Mama, kwenye cherehani yake, alitabasamu kwa fahari. Kisha akanyoosha sindano na uzi hewani, katikati yetu wawili, akingoja yeyote apokee.

"Munitungiye," akasema.