Mume Wangu Alivyokufa kwa Ajili ya Tranka

Mimi nimeishia darasa la saba, kwa hiyo daftari hili naliandika kama ninavyoongea, na pale nisipokuwa na uhakika nitasema sina uhakika. Lakini hili la tranka nina uhakika nalo.

Mtaani kwetu hapa Soweto, Mbeya, tuna grupu la WhatsApp la kupeana vitu bure. Alilianzisha mwalimu mmoja mstaafu, mama mwenye geti la kijani, alipotaka kupunguza vyombo nyumbani kwake. Sheria zake ni tatu tu. Hakuna kuuza. Anayetoa anaweka picha na kuandika "Nani?", na wa kwanza kuandika "Mimi" ndiye mwenye mali. Ya tatu ndiyo ilimshinda mwenyewe: anayekuja kuchukua aje mikono mitupu. Sisi watu wa huku hatuwezi. Utaingiaje kwa mtu kuchukua meza yake, hata kama ni ya miguu mitatu, huna hata parachichi mkononi? Mwalimu akisema, "Ukija na ndizi utarudi na ndizi zako," watu wanaziacha getini na kuondoka mbio. Siku aliyotoa mapazia yake ya zamani aliletewa viazi nusu gunia, na hakujua amgombeze nani.

Nililipenda lile grupu kuliko nilivyopaswa, nakiri. Simu ikilia tu, mkono unaacha unga. Simu yenyewe ni ya zamani, picha zinachelewa kufunguka, zinazunguka weee, kwa hiyo nikajizoeza kuandika "Mimi" kwanza na kuona baadaye. Kwa njia hiyo nilipata kikaango kizuri sana. Kwa njia hiyo hiyo nilipata buti moja la mvua, la mguu wa kushoto, la mwanaume, na wiki iliyofuata magongo mawili ya mtu aliyevunjika mguu. Mwalimu akaniandikia, "Mama, umeumia lini?" Nikaona aibu. Nikayarudisha magongo na kuapa kwamba tangu sasa nitasubiri picha ifunguke.

Basi binti yangu akachaguliwa kidato cha tano, shule ya bweni ya wasichana huko Iringa. Upande wetu hakuna aliyewahi kuvuka kidato cha nne. Fomu ya shule ilikuja na orodha ndefu: godoro, ndoo mbili, blanketi, reki, fagio, sweta. Karibu vyote vilitoka kwenye grupu. Godoro lilitoka kwa fundi baiskeli, reki kwa kinyozi, sweta kwa mwalimu mwenyewe. Kila "Mimi" yangu ikikubaliwa, mimi na binti yangu tulikuwa tunapiga kelele uani mpaka kuku wanatawanyika. Kikabaki kitu kimoja: tranka la bati, lenye kufuli. Na hapo kwenye tranka fomu ilikuwa imepigiwa mstari. Asiye na tranka hapokelewi bwenini.

Zikiwa zimebaki siku nne, simu ikalia. "Nani?" Picha ikaanza kuzunguka. Nikakumbuka magongo. Nikasubiri. Ilipofunguka lilikuwa tranka, jeusi, pembe zake zote nzima, na chini yake "Mimi" ilishaandikwa na baba mmoja mfugaji. Ni watu waliohamia Usangu na ng'ombe wao kutoka kaskazini, na yeye amepanga jirani yetu ili watoto wake wasome. Sitaki kumsema vibaya. Aliwahi, na mwanawe pia alikuwa anakwenda bweni. Alilifuata tranka na galoni ya maziwa mgando, kama mtu mwenye adabu zake. Mimi niliingia jikoni nikalia, nikasingizia moshi.

"Mama, nitaenda na mfuko wa salfeti," binti yangu akasema.

"Watakurudisha."

"Wanirudishe wao. Mimi sijirudishi mwenyewe."

Neno hilo likaninyanyua. Nikampigia dada yangu wa Mlandege, Iringa, anayeuza nyanya anazozifuata Ilula. Na wao wana grupu la mtaa, ila la kwao haliendi kwa kasi ya vidole. Anayetaka kitu anaeleza shida yake, mwenye kitu anachagua. Dada akasema, "Niachie mimi. Wewe na ukweli wako ungejaza kurasa mbili na bado ukakosa."

Kesho yake akapiga simu akianza na vigelegele. Kuna muuguzi mstaafu ana tranka, na ametuchagua sisi! Nikauliza, "Umeandikaje?" Akasema, "Nimeandika vizuri." Nilipaswa kuuliza tena. Sikuuliza, maana nilikuwa naruka. Kwa hiyo kosa lililofuata si la dada peke yake.

Siku ya kuripoti tukapanda basi la asubuhi na baridi yote ile ya mwezi wa saba, vitu vyetu kwenye salfeti, godoro limekunjwa, na kilo tano za mchele wa Usangu za kumshukuru muuguzi. Kuanzia Makambako hadi Mafinga tulibishana rangi ya tranka. Yeye alisema bluu. Mimi nilisema lolote, mradi mfuniko unafunga.

Dada alitupokea stendi tukapitiliza moja kwa moja. Mlangoni akaita "Kamwene!" kwa salamu ya Kihehe, na muuguzi akatoka, mama mtu mzima, mfupi, akanishika mikono yote miwili.

"Pole, mwanangu. Pole sana."

Nikadhani ni pole ya safari. "Asante, mama. Tumeshafika."

"Utazoea taratibu. Mungu ndiye mume wa wajane."

Nikamtazama dada. Dada akatazama dari. Sebuleni lilikuwepo tranka, kijani, limepakwa rangi upya, linang'aa, na juu yake khanga mpya imekunjwa. "Hiyo ya kwako," muuguzi akasema. "Rambirambi yangu ndogo tu."

Binti yangu akaninong'oneza, "Mama, nani amekufa?"

Hapo ndipo nikaelewa. Ilikuwa saa nane na nusu, na shuleni mwisho wa kupokelewa ni saa kumi. Nikinyamaza, mtoto ana tranka. Nikisema, huenda hana. Lakini kumtamkia mtu aliye hai kifo ni uchuro, hata kwa mzaha hatufanyi, na mume wangu alikuwa ametupigia asubuhi ile ile kutukumbusha tusisahau fomu. Nikaiona ile khanga, nikahisi kama ndiyo namzika.

"Mama," nikasema, "mume wangu hajafa. Yuko Usangu, anaendesha mashine ya kukoboa mpunga."

Dada akajitupa kwenye kochi.

"Si ungesubiri tutoke nje?" dada akasema.

"Nisubiri mpaka azikwe?"

"Mimi niliandika tu kwamba baba wa mtoto hayupo karibu."

"Umeandika marehemu," muuguzi akasema. Alishavaa miwani na kufungua simu. "Hii hapa. 'Marehemu shemeji yangu, aliyekuwa tegemeo letu.'"

Kwa kumtendea haki dada niseme hivi: hana mtoto, na huyu wangu amemnunulia madaftari tangu darasa la kwanza. Hakudanganya kwa tamaa. Alidanganya kwa mapenzi, kama kuna tofauti. Sijui.

Muuguzi akanitazama juu ya miwani. "Nipigie huyo marehemu."

Nikapiga, nikaweka spika. Mashine ilisikika ikinguruma. "Haloo! Mmefika?"

"Baba, mimi ndiye mwenye tranka," muuguzi akasema. "Nimeambiwa ulifariki."

"Nani?"

"Wewe."

Mashine ikazimwa. "Nani kasema?"

"Shemeji yako."

"Aaa, huyo! Huyo alinizika tangu siku ya harusi, mama. Alilia ukumbi mzima ukadhani kuna msiba."

"Na nilikuwa na haki ya kulia!" dada akapaza sauti kutoka kwenye kochi.

Muuguzi alicheka mpaka akavua miwani. Na mimi nilicheka, lakini moyoni nilijua haijaisha. Nikauliza, "Mama, kuna mwingine aliyeomba?" Dada akanikanyaga mguu.

"Yupo bibi mmoja wa mtaa wa chini," muuguzi akasema. "Analea mjukuu yatima. Yatima wa kweli."

Nikasema tranka lirudishwe kwenye grupu, bibi aulizwe kwanza. Mpaka leo sijajua kama ile ilikuwa haki au kiburi changu cha kutaka kuwa msafi mbele ya watu, maana anayeumia si mimi. Binti yangu alikaa juu ya salfeti akaikazia macho saa ya ukutani.

Muuguzi akamwambia dada aandike kwa mkono wake. Dada akaandika huku anasoma: "Jamani naomba radhi. Shemeji yangu ni mzima wa afya. Nilizidisha." Kisha muuguzi akaongeza: "Tranka bado lipo. Bibi, kama unalihitaji ni lako."

Grupu likalipuka. "Hongereni kwa kufufukiwa!" "Mimi nilishamwombea kanisani, sasa ile sala inahesabiwaje?" "Mwambieni marehemu atutumie mchele!" Wote waliandika, bibi peke yake kimya. Dakika tano. Dakika kumi. Chai tuliyomiminiwa ikapoa. Saa tisa ikapita, na mimi nikaanza kujitukana kimoyomoyo.

Ndipo ikaingia sauti, si maandishi. Tukainama wote vichwa vikagongana. Kwanza jogoo aliwika, kisha bibi mwenyewe: "Jamani, mimi lile tranka nilitaka kuwekea unga. Panya wa nyumba hii wamenishinda. Mjukuu wangu anasoma shule ya kutwa, anakwenda kwa miguu. Mpeni huyo mtoto akasome. Panya nitapambana nao hivyo hivyo."

Jamani! Binti yangu alipiga yowe ambalo nadhani lilifika stendi. Alimwaga salfeti palepale sebuleni, sweta, blanketi, sabuni, akapanga vyote kwenye tranka huku muuguzi akimwonyesha namna ya kukunja shuka kama za hospitali. Mchele nikamwomba muuguzi aufikishe kwa bibi, akasema ataupeleka mwenyewe. Khanga nilimrudishia, akaikataa. "Hiyo sasa ya harusi," akasema. "Uolewe tena na yuleyule."

Tulifika shuleni kwa bajaji, tranka mapajani kwetu watu watatu, ikiwa bado robo saa geti lifungwe. Matroni akaligonga mfuniko kwa vidole, akafungua kufuli, akafunga, akaandika jina kwa chaki. Binti yangu akashika mkono mmoja wa tranka, msichana mwingine asiyemjua akashika wa pili, wakaondoka nalo wakicheka, wala hakugeuka nyuma. Nilitaka ageuke. Halafu nikafurahi kwamba hakugeuka.

Simu ikalia tukiwa bado getini. Mume wangu.

"Wamempokea?"

"Wamempokea."

"Na tranka?"

"Na tranka."

Akavuta pumzi. "Hivi mimi nilikufa kwa ugonjwa gani?"

Nikamwuliza dada, aliyekwisha kutangulia barabarani, begani ile kamba tuliyofungia godoro.

"Mwambie ilikuwa ghafla," akasema, bila kupunguza mwendo.