Tsona na Picha ya Getini

Jirani yangu Tsona hakuwa mtu wa kupendeka, na sitampaka asali leo kwa sababu tu yamemfika. Alikuwa na ulimi wa kuchoma. Kwa miaka thelathini alikamua ng'ombe wa shamba la ushirika. Shamba likafa, ng'ombe wakauzwa, naye akabaki na mikono mikubwa isiyo na kazi na mume mlevi, Petko. Petko naye akafa. Mazishi hayo ndiyo chanzo cha yote, maana mwana wao wa pekee, Nayden, hakuja.

Nayden alikuwa Hispania. Aliondoka na miaka kumi na tisa kwenda kuchuma matunda, akasema ni miezi mitatu. Miezi mitatu gani! Mwanzo alipiga simu kila Jumapili, kisha kila Pasaka, kisha basi. Petko alipokufa Tsona alituma habari kwa watu wawili waliokuwa wanarudi huko, akamlaza marehemu sebuleni siku tatu, katikati ya Julai, akimngoja mwanawe aje aubebe mwili wa baba yake. Siku tatu! Mimi ndiye niliyekuwa nabadilisha barafu kwenye ndoo, kwa hiyo msinieleze habari za uchungu wa mwana.

Baada ya arobaini akaja kwangu na picha. Ilikuwa ya Nayden, shati jeupe, nywele zimechanwa upande.

"Nibandikie huyu," akasema.

"Huyu yu hai, Tsona."

"Yu hai kwako. Kwangu amekufa. Bandika."

Hapa Trunkovo mtu akifa tunabandika karatasi yake getini: mpaka mweusi, picha, jina, maneno mawili matatu ya majonzi. Siku ya arobaini inabandikwa nyingine, nusu mwaka nyingine, kisha kila mwaka mpaka wanaomkumbuka nao wabandikwe. Tuko watu ishirini na sita, na waliobandikwa hawahesabiki. Kazi hiyo ni yangu. Mimi Gencho ni mjumbe wa meya hapa kijijini, nasoma mita za maji, nabadilisha balbu ya barabarani, na nabandika wafu kwa gundi ya unga. Basi nikambandika Nayden. Watu wakaja na ngano ya kuchemsha ya matanga, wakamlilia. Tsona aliwaambia ameanguka kutoka juu ya jengo, akalia vizuri kuliko wote. Uongo ule tuliujua wawili tu.

Miaka minne ikapita. Machi hii ndipo wageni kutoka angani wakashuka bondeni.

Hakuna aliyeona chombo chao. Walitaka sura za watu ili wakae kati yetu tusiwatambue, na sisi wazee tulikuwa tumejifungia ndani kwa baridi. Sura walizozikuta nje ni zile nilizobandika mimi, nao wakazivaa. Jumanne asubuhi nilifungua mlango, nikamwona Stanka wangu, mke wangu, amefariki miaka sita, amesimama na mzigo wa kuni mkononi.

Msiniulize maswali ya kitoto. Nilijua si yeye. Picha haina kisogo, kwa hiyo naye kisogo chake kilikuwa kitupu, laini kama yai. Nilimfunga kitambaa kichwani, nikamwambia akae karibu na jiko. Akapika maharage. Miaka sita nilikuwa nakula mkate na kitunguu nimesimama, na sasa mtu ananiuliza kama chumvi imetosha. Mngemfukuza ninyi? Thubutu!

Kwa Tsona alikwenda Nayden wa miaka kumi na tisa, mwenye shati jeupe; sura ya Petko haikuchukuliwa na yeyote. Nilimkuta Tsona kisimani, amevua kitambaa cheusi cha msiba.

"Umemwona mwanangu?" akaniuliza. "Amepasua kuni zote. Nikimwita anasema, ndiyo, mama. Umesikia, Gencho? Ndiyo, mama!"

"Tsona, yule si..."

"Si nini? Na uliyemficha jikoni kwako ni nani, Bikira Maria?"

Kufika Ijumaa nilikuwa nimesahau jina la mbwa wangu, lakini nikasema ni uzee.

Jumamosi asubuhi meya akapiga simu kutoka mjini.

"Gencho, jeshi liko njiani kuja kwenu. Wale viumbe wanachukua sura kwenye matangazo ya vifo. Wanajeshi watapita geti kwa geti, kila aliyebandikwa wanamtoa. Usimwambie mtu, wasije wakawaficha."

Nikachemsha maji. Nikachukua kisu cha kumenyea, nikaenda getini kwangu, nikakwangua karatasi zote za Stanka, ya mwaka, ya miaka mitatu, ya miaka sita, mpaka mbao zikatokea. Geti la Tsona linatazamana na langu. Ni hatua kumi. Kisu kilikuwa mkononi, maji bado ya moto, na picha ya Nayden ilikuwa inanitazama. Sikuvuka. Niliogopa meya atajua nimetoa siri, na nikajiambia nitamwambia Tsona baadaye. Baadaye! Neno hilo limeua watu wengi kuliko bunduki.

Malori matatu yakaingia saa tano, askari arobaini, na kapteni wao aliitwa Drangov, kijana mwenye macho mekundu ambaye hajalala siku nyingi.

"Mzee, wewe ndiye mjumbe? Twende haraka," akasema. "Saa tisa ndege zinapita hapa. Kipimo changu kikiwa bado kinalia, zitapiga kijiji kizima, na bomu haliulizi nani mzima nani mfu."

"Afande, hawajamdhuru mtu."

"Hawajamdhuru? Njoo nikupeleke kijiji cha ng'ambo ya mto. Watu mia moja wamekaa mezani, macho wazi, hawajui hata majina yao. Waliishi na hawa wiki mbili tu. Wananyonya kila kitu kichwani kisha wanahamia kwa mwingine."

Nikamkumbuka mbwa wangu.

Kipimo chenyewe kilikuwa kisanduku kama redio. Ukikiweka getini kinalia mara moja kwa kila mmoja wao aliyemo nyumbani, lakini hakisemi ni yupi. Kwa hiyo walitegemea picha. Walianzia upande wa kanisa. Waliwasimamisha ukutani wale waliorudi, wakawapiga risasi, nao wakamwagika kama majivu ya jiko, bila tone la damu. Wazee hawakupiga kelele. Wengine walikuwa wanawazika mara ya pili, na mara ya pili huna hata machozi. Kwangu hawakuingia wala hawakuweka kipimo. Geti halikuwa na picha, na nilimwambia kapteni mimi sina mtu. Akaniamini kwa sababu nilikuwa natembea naye, nimembebea orodha.

Saa saba tukafika mtaa wetu. Getini kwa Tsona palikuwa na mtu amesimama, anasoma.

Alikuwa mwanamume mnene wa miaka arobaini na kitu, kofia kichwani, begi la buluu la magurudumu pembeni yake. Basi la Jumamosi lilizuiwa darajani, naye akakata kupitia mlimani kwa miguu, viatu vyote tope. Alikuwa anasoma tangazo la kifo chake. Nilimjua kwa jinsi alivyosimama, amelalia mguu mmoja kama Petko.

"Mikono juu!" askari wakapiga kelele. "Jina!"

"Nayden Petkov," akasema. "Hapa ni kwetu. Nilisikia redioni bonde limefungwa, nikasema mama yuko peke yake."

Kapteni akatazama karatasi, akamtazama yeye. "Huyu ndiye wewe?"

"Ndiyo. Lakini mimi sijafa, bwana. Mnaona sijafa!"

"Wote wanasema hivyo," askari mmoja akasema, na wenzake wakacheka kicheko cha watu waliochoka.

Kapteni akamvua kofia. Upara. Kichwa chote, mpaka kisogoni, laini kinang'aa. Kipimo kikaletwa getini, kikalia mara moja. Nikainua macho, nikaona dirishani kwa Tsona pazia linatikisika, na nyuma ya pazia shati jeupe.

Tsona akatoka barazani.

"Bibi," kapteni akasema, na nimtendee haki, alisema kwa upole, "nyumba yako ina mmoja wao. Nitachukua mmoja, sitachukua wawili. Niambie ukweli. Huyu ni mwanao?"

"Mama, ni mimi," Nayden akasema. "Waambie. Yule ng'ombe Belka alinipiga teke hapa, kovu hili hapa." Akapandisha suruali, kovu likaonekana.

"Wakikaa na mtu siku mbili wanajua hata majina ya ng'ombe," kapteni akasema. "Bibi, nakusubiri."

Tsona akashuka ngazi. Akamsogelea karibu kabisa, akainua ule mkono wake mkubwa, na mimi nikapumua, nikasema moyoni, haya, damu nzito kuliko maji, imekwisha. Mkono ukabaki hewani.

"Baba yako alikungoja siku tatu kwenye barafu," akamwambia.

"Sikuwa na karatasi, mama. Ningetoka Hispania nisingeruhusiwa kurudi. Halafu nikaona aibu kupiga simu. Kila mwaka aibu inakuwa kubwa zaidi."

"Aibu!" Tsona akasema. "Mimi nilibaki peke yangu na bomba lililoganda, wewe uko na aibu yako! Asiyekuwepo na lake halipo." Akageuka, akatazama dirisha lake, kisha akamtazama kapteni. "Mwanangu alikufa miaka minne iliyopita. Imeandikwa hapo. Muulize Gencho, yeye ndiye aliyebandika."

Kapteni akanigeukia. "Ni kweli, mzee?"

Nayden akanitazama. Nilimfundisha mimi kupanda baiskeli, yule. Nilijua nikisema tangazo ni la uongo, watapekua nyumba ya Tsona, na wakianza kupekua hawataacha mtaa. Wataona geti langu lililokwanguliwa. Stanka alikuwa jikoni, maharage yako motoni.

"Nilibandika mimi," nikasema.

Si uongo, mnaona. Mwoga huchagua maneno kama hayo, anayatunza, anayatoa siku yake ikifika.

Wakampeleka nyuma ya zizi la zamani la kukamulia. Hakupigana. Alitembea akigeuka geuka, na akiwa kwenye kona akasema kwa sauti, "Mama, kwenye begi kuna mafuta ya zeituni. Chupa ni ya kioo, usiiangushe."

Risasi zikalia. Tsona alikuwa ameshika begi, hakutikisika.

Kisha kapteni akarudi mbio, kofia hana, mikono imelowa mpaka viwiko. "Anatoka damu!" alikuwa anapiga kelele. "Bibi, anatoka damu!" Akavunja mlango wa Tsona kwa bega, askari wakamfuata. Ndani hapakuwa na mtu. Dirisha la nyuma liko wazi kuelekea miti ya plamu, na nyayo zimeshuka bondeni. Wakati askari wote wamekusanyika zizini wakiua mtu, wale viumbe waliobaki kijijini waliondoka pamoja, kimya. Nilikimbilia kwangu. Maharage yalikuwa yanaungua. Kitambaa kilikuwa sakafuni. Hakuniaga, na kwa nini aniage, alikuwa nani yangu?

Kipimo kikanyamaza, ndege zikarudishwa. Kapteni Drangov akakaa kwenye benchi getini, analia kama mtoto.

"Ungesema neno moja tu, mzee," akaniambia.

"Nawe ungesubiri dakika kumi tu," nikamjibu, na sijui kama nilikuwa na haki ya kumjibu. Nadhani sikuwa nayo.

Tsona hakulia. Tulimzika Nayden karibu na baba yake, na kijiji kizima kilikuja, na hakuna aliyemsemesha Tsona wala yeye hakumsemesha mtu. Aliliweka begi sebuleni, pale pale alipolazwa Petko. Kuni zilizopasuliwa na yule mwingine hakuziwasha hata moja. Alikaa na baridi mpaka Aprili.

Siku ya arobaini akaja kwangu, kitambaa cheusi kimerudi kichwani.

"Nibandikie mwanangu," akasema.

"Yupo getini, Tsona. Sijamtoa."

"Yule simtaki. Kabandue. Nataka huyu wa kofia. Huyu aliyekuja."

"Nipe picha, basi, niipeleke mjini wakachape."

Akaketi. Alikuwa amelipekua begi lote: chupa ya mafuta, shali ya sufu ya rangi ya damu ya mzee, wembe, soksi, mkate nusu. Simu wanajeshi waliichukua pamoja na makaratasi yake, na barua tatu tulizowaandikia hazijajibiwa. Katika ukoo mzima, katika kijiji kizima, hakuna mwenye picha ya Nayden akiwa mtu mzima.

"Nieleze alivyokuwa," nikamwambia, kwa kukosa la kusema. "Labda fundi atachora."

Akaweka ile mikono yake mikubwa magotini.

"Nilimtazama mara moja tu, Gencho," akasema. "Na nilikuwa na hasira."