Gwakisa na Geji Yake

Dereva anayetaka kugombezwa bure mjini Tunduma asihangaike kwenda mbali. Ashuke tu kwenye foleni ya malori ya mpakani, asogee kijiweni kwa Gwakisa, apige tairi teke na kusema, "Upepo upo."

"Guu lako lina namba?" Gwakisa atamrukia. "Hebu nionyeshe, imeandikwa wapi? Kwenye kidole gumba?"

Ndivyo alivyo huyu Mndali, fundi wa kuziba pancha na kujaza upepo. Geji yake ya kupimia huivaa shingoni kwa kamba ya kiatu, hata Jumapili. Ukimletea tairi limetoka barabarani sasa hivi, bado la moto, hakupimii ng'o. Upepo ukipata joto unavimba, namba inapanda. Ukiupunguza hapo hapo, kesho tairi likipoa utalikuta limenywea. "Lipumzike kwanza," husema, "halafu geji iseme. Ikishasema, hakuna kubishana." Watson, dereva wa kutoka Ndola anayemwita Batata, yaani baba, alibisha siku moja akapunguza mwenyewe. Kesho yake alirudi na tairi limebonyea na sura imebonyea vile vile.

Sasa huyo huyo Gwakisa, mtu wa vipimo, mwambie habari ya kupima presha yake mwenyewe. Thubutu!

"Najisikia vizuri," husema. Kisogo kinamgonga, anakibandika kitambaa cha maji, anajisikia vizuri. Anapanda ngazi za kanisa akihema, anajisikia vizuri. Mkewe, Tulinagwe, hakutaka hata kulisikia neno hilo. Eliakim, mdogo wake Gwakisa, alilisema asubuhi moja kule kijijini Ibaba akienda kuchimba viazi. Walimrudisha kwa machela, upande mmoja wa mwili umekufa, na hakumaliza wiki. Tangu hapo Tulinagwe kila akiamka hutulia kwanza, amsikilize mumewe kama anapumua. Hofu hiyo hakuwahi kumwambia mumewe.

Jumapili moja manesi wakaja kupima watu presha baada ya ibada, chini ya turubai nje ya kanisa. Tulinagwe akamshika mumewe mkono, na si kwa mahaba. Huyu akavuta huku, yule akavuta kule, waumini wakaacha kusalimiana ili watazame. Watson, ambaye foleni ilikuwa imemkwamisha mjini, akamsogelea Batata wake, akamgusa muundi kwa ncha ya kiatu.

"Aa, mama, mwache," akasema. "Upepo upo."

Jamani, watu walicheka! Mpaka mchungaji akageukia ukuta. Gwakisa akafungua mdomo ajibu, akaufunga, maana jibu lilikuwa lake na kila mtu alilijua. Tulinagwe ndiye aliyelichukua.

"Guu lako lina namba, Watson?" akauliza, lakini macho kayakaza kwa mumewe.

Gwakisa akakaa. Nesi Jenista akamfunga kitambaa mkononi, mashine ikanguruma, namba zikatoka: mia na themanini na tano juu, mia na kumi chini.

"Ya juu ni moyo ukisukuma damu," Jenista akaeleza. "Ya chini ni moyo ukipumzika. Zote zimepanda, baba."

"Hiyo haihesabiki!" Gwakisa akadakia. "Nimetoka kuvutana na huyu mama sasa hivi. Tairi la moto halipimwi!"

"Hapo umesema kweli," nesi akamjibu. "Basi kaa, egemea, nyamaza. Ukipoa tutarudia."

Gwakisa kunyamaza! Kwaya nzima ilisogea kushuhudia. Akaegemea kiti, geji kifuani, mikono mapajani, midomo kaibana. Nyuma yake Tulinagwe alisimama ameshika pindo la kitenge kwa mikono miwili. Jenista akapima tena. Ilikuwa imeshuka, lakini kidogo tu: mia na sabini na mbili, kwa mia na nne.

Watu wakangoja abishe. Gwakisa akaitazama namba ile.

"Nimeshapoa," akasema taratibu. "Na yenyewe imesema."

"Kesho asubuhi uje zahanati kabla ya kazi," Jenista akamwambia. "Tupime tena, daktari aangalie na habari ya dawa."

"Tairi ningelipunguza upepo. Mimi mtanipunguzia wapi?"

"Tutaanzia kwenye chumvi," akasema Tulinagwe.

Gwakisa akageuka. Mkewe alikuwa analia mbele ya kanisa zima, mwanamke ambaye hata misibani hujikaza.

"Mama Irene," akamwita kwa sauti ya chini, "umeanza lini kuogopa hivi?"

"Tangu Eliakim."

Asubuhi yake madereva walikuta kijiwe kimefungwa. Watson alilipiga tairi lake teke kwa mazoea, akageuka haraka kuangalia kama kuna aliyemwona, kisha akakaa juu ya rimu kumsubiri mwenye geji.