Upepo wa Matairi

Sisi watu wa Lushoto tumezoea njia za mawe. Kabla ya safari tunajaza matairi upepo mpaka yanakuwa magumu kabisa, ili mawe yasiyachane. Siku ile kaka yangu mkubwa alijaza hivyohivyo pale Mlalo, tukateremka nyikani kumwona baba, ambaye alikuwa mahututi. Baba alihamia huko na mama mdogo baada ya mashamba ya mlimani kubaki vipande vipande. Mimi nilikuwa sijawahi kufika, na kaka alifika mara moja tu, zamani.

Huko chini barabara ni alama za magurudumu tu katikati ya miiba, na jua la kukausha mate. Kwenye korongo lisilo na maji, Land Cruiser ikazama mchangani. Kaka akafanya ya mlimani: mawe chini ya magurudumu, gia nzito, mafuta mpaka mwisho. Injini ikanguruma, gari likazidi kukaa.

"Kaka, tupunguze upepo," nikamwambia. "Mchanga unataka tairi laini."

"Pampu unayo? Nikipanda mlima na matairi laini, mawe yatayamaliza. Utaninunulia mapya wewe?"

"Basi niende kwa miguu."

"Ukakanyagwe na tembo? Bado mbali. Kaa kivulini!"

Nikakaa. Kwetu kaka mkubwa ni kama baba, mdogo habishani naye. Adabu gani hiyo, jamani! Inanichoma mpaka leo. Kutwa nzima mwenzangu alichimba, akakanyaga mafuta, akautukana mchanga. Jua lilipokaribia kuzama ndipo akainama, akafungua upepo. Gari likatoka bila hata kusukumwa.

Tukapita kona moja tu, nyumba hiyo hapo. Watu wamekaa chini uani. Mama mdogo akatujia. Nikaanza kumwamkia, hakusubiri nimalize.

"Ametuacha alasiri," akasema. "Kutwa alikuwa anasikia gari linanguruma. Sisi tukadhani ni watalii wa hifadhini. Yeye akasema, hao ni wanangu, nikalisheni. Tukamkalisha, akawa anatazama mlango. Kila tukimwomba alale kidogo, anakataa. Anasema, wataingia sasa hivi, wasije wakanikuta nimelala."