Mama Shuka Anunua Bisibisi

Mlango wa kabati la jikoni ulikuwa umening'inia kwa bawaba moja miezi saba sasa, na Mama Shuka alikuwa amekwisha kuuzoea. Aliunyanyua kidogo kwa goti, akachukua sufuria, akaurudisha kwa goti lilelile. Droo ya vijiko haikuwa na mkono. Aliivuta kwa kuchomeka uma pembeni. Komeo la choo lilikuwa limelegea hata mtu akiwa ndani ilimbidi aimbe au akohoe, ili mwingine ajue pana mtu.

Jina hilo la Mama Shuka alipewa na wenzake wa chumba cha kufulia cha hospitali, ambako alikuwa na mwaka wa ishirini na sita. Kazi ni shuka tu: kuzipokea chafu, kuziingiza mashineni, kuzitoa nzito kama mtu aliyezirai, kuzinyoosha, kuzikunja pande nne. Wenzake walimtania kwamba hata akiota, huota kitu cheupe chenye pembe nne. Zamani alicheka. Siku hizi vifundo vya mikono vilikuwa vimevimba, na kila asubuhi ilimbidi aviloweke kwenye beseni la maji ya moto kabla hajaweza kufunga vifungo vya gauni lake mwenyewe.

Mumewe ndiye aliyekuwa akirekebisha kila kitu. Mtaa mzima ulimwita Fundi, na mkewe naye akamwita hivyohivyo. Alikuwa seremala wa milango na madirisha, mtu wa kupitisha kidole kwenye ukingo wa ubao akakwambia umepinda wapi. Kiharusi kilimkuta karakanani kalamu ikiwa sikioni. Mguu ulirudi nusu, akawa anauburuta. Maneno yalirudi yote, na ya ziada juu yake, kama mkewe alivyopenda kusema. Mkono wa kulia haukurudi. Vifaa vyake vilikaa ndani ya sanduku chini ya kitanda, na alikuwa ameapa kwamba atakayevigusa watakosana.

Jumapili moja Mama Shuka alivigusa. Alisubiri Fundi asinzie kwenye kiti chake, akalivuta sanduku, akatoa bisibisi yenye mpini wa mti uliong'aa kwa jasho la miaka, akaenda kupambana na kabati. Skrubu ya kwanza iliingia nusu. Ya pili ilimshinda. Aliikamata bisibisi kwa mikono miwili kama anayekamua shuka, akasokota, na maumivu yakampanda kutoka kwenye kifundo hadi begani, akakaa chini palepale sakafuni na kuweka mikono mapajani.

"Unaikata kichwa," sauti ya Fundi ilisema kutoka sebuleni. Kumbe hakuwa amelala. "Skrubu ikishakatwa kichwa, basi tena. Iache."

"Nimeiacha," akasema.

Kesho yake kazini, mikono ilimsaliti. Robota la shuka safi lilimponyoka mlangoni, likatua kwenye maji ya sabuni. Msimamizi wake, mama mnene asiye na maneno mengi, aliitazama mikono ile, kisha akamtazama yeye usoni.

"Umeifanya nini?"

"Kabati."

"Mama Shuka, kuna vifaa vya betri siku hizi. Mikono hiyo bado unaihitaji. Na mimi pia naihitaji."

Basi zamu ya asubuhi ilipokwisha hakushika njia ya nyumbani. Alipitia duka la vifaa vya ujenzi, lililo kona baada ya mashine ya kusaga. Mwenye duka alikuwa bwana mmoja mrefu, mwembamba, ambaye watu walimwita Futikamba, naye hakuona ubaya. Alimfahamu Mama Shuka kwa sababu ya Fundi, aliyekuwa akinunua misumari hapo tangu Futikamba akiwa bado na nywele.

"Shemeji, karibu. Mzee hajambo?"

"Anaongea."

"Akiongea mzima huyo."

Alipoeleza shida yake, Futikamba alimwekea mezani mashine tatu. Ya kwanza ilikuwa kubwa, na umbo lake la bastola. Aliinyanyua tu, kifundo kikalalamika.

"Hii inatoboa hata ukuta," Futikamba alisema.

"Mimi sina ugomvi na ukuta. Nina kabati, droo na komeo la choo."

"Basi hii ni nguvu ya bure. Tena skrubu ikikwama, inakusokota wewe mkono." Akaiondoa.

Ya pili ilikuwa nyembamba, imenyooka kama tochi. Nyepesi, lakini ili kuishika sawasawa ilimbidi aukunje mkono kama anayechoma sindano, na hapo ndipo palipouma. Ya tatu ilikuwa fupi, mpini wake unakunjika, ukitaka unyooke unanyooka, ukitaka uiname unainama. Futikamba alimpa kipande cha ubao na skrubu chache.

"Usiogope. Bonyeza."

Ililia kwa sauti ndogo ya kukereketa, taa ikawaka kwenye pua yake, na skrubu ikazama ubaoni polepole, bila haraka, kama mtu anayeshuka ngazi. Mama Shuka aliitazama. Mkono haukuuma.

"Inachajiwa na waya kama wa simu," Futikamba aliendelea. "Betri iko humohumo ndani, haitoki, kwa hiyo usiitupe kabatini mwaka mzima ukaisahau, itakufa. Na skrubu nene za kitanda usiilazimishe. Funga kwanza kwa hii, mwisho kaza kwa mkono."

Mama Shuka alikuwa ameihamishia mashine mkono wa kushoto. Alitafuta kwa dole gumba kile kitufe cha kubadili mwelekeo, kufunga au kufungua. Kwenye ile iliyonyooka kama tochi alikuwa amejaribu, dole likashindwa kufika. Kwenye hii lilifika.

"Na skrubu," aliuliza, akiutazama ubao, "inakaa yenyewe kwenye ncha? Bila kushikiliwa na mkono wa pili?"

Futikamba alichukua skrubu, akaigusisha kwenye ncha, akaiachia. Ikabaki imesimama, haikuanguka hata mashine ilipogeuzwa chini.

"Ncha ina sumaku," alisema. Halafu akasema kwa upole, "Ni ya nani, shemeji?"

"Ni yangu. Si umeona mikono yangu?"

"Nimeona." Hakuuliza tena. Alipoifunga kwenye boksi aliongeza mfuko wa skrubu za bawaba, akasema hizo ni salamu kwa mzee.

Nyumbani, Fundi alilitazama boksi kama mtu aliyeletewa mgeni asiyemtaka.

"Umeniletea mwanasesere?"

"Sijakuletea wewe. Nimejinunulia mimi."

"Kitu hicho hakina nguvu hata ya kufungua kopo."

"Mimi mwenyewe sina. Tutaelewana."

Alianza na mkono wa droo, ukakaa vizuri, akafurahi peke yake. Akahamia kwenye kabati. Kutoka kwenye kiti chake Fundi hakumpa nafasi ya kupumua. Bonyeza kwanza ubaoni ndipo uwashe. Hapana, umeinamisha. Nimesema umeinamisha. Anza na bawaba ya juu, mlango ukining'inia kwa ya chini utaivunja. Mwanamke, husikii? Ncha iliteleza, ikachora mstari mrefu kwenye rangi ya mlango.

"Ona sasa! Ungenisikiliza..."

Mama Shuka aliizima mashine, akaiweka juu ya meza taratibu sana.

"Fundi, nimechoka," alisema. Hakupaza sauti. "Naamka na giza, nakuogesha, nakuvisha, naenda kukunja shuka za watu mia mbili, narudi, napika, nakusikiliza. Nimechoka kuanzia kwenye nywele. Mlango ukae hivyohivyo. Tutakufa nao."

Akaenda kujilaza. Hakulia; hata kulia kulitaka nguvu. Fundi alibaki sebuleni na mkono wake wa kulia mapajani, hajui auweke wapi. Siku tatu zilizofuata waliongea ya lazima tu: chai iko tayari, nipe taulo, dawa umekunywa?

Siku ya nne, alipofungua mlango wa nyumba saa tisa mchana, kiti kilikuwa kitupu.

"Fundi?"

"Niko huku. Usikimbie, utakanyaga skrubu."

Alikuwa amekaa sakafuni jikoni, mgongo umeegemea ukuta, miguu ameinyoosha mbele. Mlango wa kabati ulikuwa umelala kando yake. Mlango wote. Bawaba zimetolewa na skrubu zimepangwa ndani ya kifuniko cha sufuria, ndefu upande huu, fupi upande ule. Mashine ndogo ilikuwa mkononi mwake wa kushoto.

"Umeanguka?"

"Sijaanguka. Nilishuka mwenyewe. Kupanda ndiko kumenishinda."

"Tangu saa ngapi?"

Fundi aliangalia pembeni. "Ulipotoka tu."

Kwa muda wa saa nane nzima alikuwa sakafuni, bila chakula, bila dawa ya mchana. Mama Shuka aliweka mkoba chini. Alitaka kumkaripia; maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini alipomtazama yule bwana, vumbi la mbao kwenye nyusi, uso umemkauka kwa kiu, kicheko kilimtoka kabla ya karipio, kicheko kibaya cha mtu asiye na pumzi, na Fundi naye akacheka kwa ule upande wa mdomo uliobaki mzima.

"Kumbe kitufe kinafikika kwa kushoto," Fundi alisema.

"Eti?"

"Usijifanye. Ulijua."

Mama Shuka alimpa maji, akamnywesha dawa, akamletea kipande cha mkate, akakaa sakafuni karibu naye, kwa sababu miguu yake nayo ilikuwa imesema basi. Walipopumua kidogo, waliendelea. Mama Shuka aliusimamisha mlango, akaubana kwa magoti na bega. Fundi aliokota skrubu kwa ncha ya sumaku, akaielekeza kwenye bawaba. Mara ya kwanza iliteleza. Ya pili ikateleza. Mama Shuka alitazama pembeni, kwenye jiko, ili asimtazame. Ya tatu ikashika ubao, mashine ikakereketa, ikazama.

"Juu kidogo," Fundi alisema. Sauti ilikuwa ile ya karakanani. "Hapohapo. Usipumue."

"Nikiacha kupumua nani atakupikia?"

Skrubu sita zilichukua muda ambao zamani Fundi angetundika milango mitatu. Baada ya ya nne mkono ulikufa ganzi, wakangoja. Ya mwisho alifunga mkewe, kwa maelekezo, ambayo safari hii yalikuwa maneno matatu tu. Mlango haukukaa sawa; ukiutazama kwa makini umeinama upande mmoja, na Fundi aliuona kabla ya mwingine yeyote, akanyamaza nao.

Kumwinua ilikuwa kazi nyingine. Walijaribu kwa kiti, wakajaribu kwa meza, mwishowe jirani akaitwa.

Komeo la choo alilifunga Fundi wiki iliyofuata, akiwa amekaa kwenye kiti, mkewe akiwa kazini. Baadaye jirani alileta pasi iliyolegea mpini, na mwalimu wa nyumba ya tatu akaleta redio yenye mfuniko uliofunguka. Siku nyingine Fundi alifunga skrubu mbili akaiweka mashine kando hadi kesho yake, na siku nyingine hakutaka hata kuiona. Mkono wa kulia ulibaki vilevile. Daktari alisema usitegemewe, na hawakuutegemea.

Mama Shuka aliendelea kuamka na giza. Beseni la maji ya moto halikuondoka, wala shuka hazikupungua. Siku moja msimamizi alimuuliza kama kile kifaa kimemsaidia mikono.

"Mikono bado," alisema, huku akichukua pembe mbili za shuka na kungoja mwenzake ashike mbili nyingine. "Ila sasa narudi nyumbani nakuta kuna mtu amefanya kitu."

Mwenzake akashika. Wakanyoosha, wakakunja, wakachukua nyingine.